Mfarishi wa sikukuu: mambo ya kuzingatia kabla ya kuanza ili hamu isikatike

Hamu ya kushona mfarishi wa viraka, yaani tandiko la tabaka tatu (uso wa vipande vilivyoungwa, pamba katikati na bitana chini), mara nyingi hukatika pale unapokaa kwenye cherehani na kukuta hatua inayofuata haijaandaliwa. Umepata nusu saa ya utulivu, lakini yote inaishia kutafuta uzi. Basi maandalizi yalenge hapo: muda ukipatikana, uwe wa kushona.

Anza na tarehe. Hesabu kurudi nyuma kutoka sikukuu yenyewe, na wiki ya mwisho usiihesabu kabisa, maana ina shughuli zake. Andika zawadi zote unazotamani kutengeneza na majina ya watakaopewa, kisha punguza bila huruma. Mfarishi mmoja na mapambo machache ni kazi ya kutosha.

Ukubwa wa vipande ndio unaoamua kama utafika mwisho. Uso wa mita 1.2 kwa 1.6 unahitaji vipande 192 vya sentimita 10, lakini 48 tu vikiwa vya sentimita 20. Kwa anayeanza, nashauri vikubwa. Unapokata, ongeza milimita 6 za mshono kila upande, na ushone kwa kipimo hichohicho. Kila mshono ukizidi kwa milimita 1 tu, mstari wa vipande 12 unapungua zaidi ya sentimita 2, na pembe hazikutani tena. Hakuna kinachovunja moyo kama kufumua mstari mzima.

Kitambaa cha pamba kifue na kukipiga pasi kabla ya kukata, kwani hurudi kikilowa. Nyekundu na buluu zilizokolea zijaribu: lowesha kona, ibane juu ya kitambaa cheupe, uone kama inatoa rangi.

Kata vyote kwa mpigo. Vipange sakafuni mpaka uridhike, piga picha, kisha kusanya kila mstari kwa pini na karatasi yenye namba yake. Jaza uzi kwenye bobini kadhaa (vigurudumu vya uzi wa chini wa cherehani), na weka sindano mpya.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote: nunua pamba ya katikati na bitana siku unayonunua vitambaa vya juu. Mifarishi mingi hukwama kabatini uso ukiwa umeshakamilika, kwa sababu hatua ya kupanga tabaka tatu na kuzipiga bandi (kuzishikiza kwa mishono mirefu ya muda) inachosha, na ikidai tena safari ya dukani, inaahirishwa. Pamba na bitana vizidi uso kwa sentimita 10 hivi kila upande, maana tabaka husogea wakati wa kushona. Hata vipande vya kuzungushia ukingo vikate mapema.

Mapambo madogo yaweke kwenye kikapu chake, yawe ya jioni ambazo mgongo umechoka na cherehani. Na kila unapofunga kazi, acha vipande viwili vinavyofuata vimeshabanwa pini, karibu na sindano.