Kabla ya Kumwacha Mtoto kwa Bibi: Mwongozo kwa Mzazi Anayekwenda Kufanya Kazi Mbali

Katika vijiji vingi vya Tanga, Singida na Dodoma, na katika mitaa mingi ya Unguja, si ajabu kukuta nyumba ambamo bibi analea wajukuu watatu au wanne, ilhali mama yao anafanya kazi za ndani Muscat, Oman, na baba yao amekwisha kuoa kwingine. Mkataba wa kazi hizo kwa kawaida ni wa miaka miwili na mara nyingi huongezwa, kwa hiyo mtoto aliyeachwa akianza darasa la kwanza huweza kumwona mama yake tena akiwa darasa la tatu, au hata la tano. Nimefundisha shule ya msingi kwa miaka mingi, na kila Januari nimewapokea watoto wa nyumba hizo. Baadhi yao huchangamka wakasoma vizuri, wengine hunywea. Kwa nilivyoona, tofauti haikutokana sana na kiasi cha fedha kilichotumwa, bali na jinsi mtoto alivyoagwa, na kama mlezi wake alipewa mamlaka ya kweli ya kumlea.

Anza na kuaga. Wazazi wengi huondoka alfajiri mtoto akiwa bado amelala, au humwambia kwamba wanakwenda sokoni, wakidhani wanamwepusha na kilio. Kilio hakiepukiki, kinachopotea ni imani yake. Niliwahi kuwa na mwanafunzi wa darasa la pili aliyekataa kutoka darasani wakati wa mapumziko, kwa kuwa aliogopa akirudi atakuta mwalimu ameondoka. Mweleze mtoto wako wiki mbili au tatu kabla ya safari, kwa maneno machache yaliyo kweli: unakwenda wapi, kufanya nini, na nani atamwamsha, atampikia na kumsindikiza shuleni. Mtoto mdogo hajui miaka miwili ni muda gani, basi mhesabie kwa vitu anavyovijua, kama vile Ramadhani mbili, Krismasi mbili, au darasa atakalokuwa amefika. Usimtajie siku ya kurudi ambayo wewe mwenyewe huijui. Kama safari imetokana na kuvunjika kwa ndoa, mwambie wazi kwamba wakubwa wameshindwa kuishi pamoja na kwamba yeye hana kosa lolote, kwa maana hata asipouliza kwa mdomo, swali hilo analo. Kisha mwache alie mbele yako.

Katika kuchagua nyumba ya kumwacha, usiwagawe ndugu, mmoja kwa shangazi na mwingine kwa mama mkubwa, ikiwa ipo njia yoyote ya kuwaweka pamoja. Mtoto aliyempoteza mzazi machoni hushika mkono wa kaka au dada yake kwa nguvu mpya. Mpeleke akalale huko siku kadhaa wakati wa likizo kabla hujaondoka, na ukiweza hamisha shule muhula unapokwisha, Juni au Desemba, wala si katika mwaka wa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi.

Jambo ambalo wazazi hulipitia haraka mno ni mamlaka ya bibi. Itisha kikao kidogo cha ndugu, bibi mwenyewe akiwa mbele, mkubaliane nani ataamua mtoto akiugua usiku, nani atahudhuria vikao vya wazazi shuleni, adhabu gani hazikubaliki, na kazi za nyumbani ni kiasi gani, hasa kwa mtoto wa kike, ambaye mara nyingi huwa mpishi na mchota maji wa nyumba nzima kabla ya kufika shuleni. Mkubaliane pia juu ya fedha. Shule za msingi za serikali hazitozi ada, lakini sare, madaftari, viatu na michango ya chakula bado vipo. Tuma fedha kwa tarehe isiyobadilika, moja kwa moja kwenye simu ya bibi, na si kupitia mjomba anayepunguza kidogo kila mwezi. Ukishaondoka, usimpinge bibi kwa simu mtoto akisikia. Mkitofautiana, zungumzeni wawili, faragha, kwa sababu mtoto akishajua kwamba neno la bibi hutenguliwa na Muscat, bibi hana tena namna ya kumlea.

Nyaraka nazo zisisahauliwe. Mwachie bibi kadi ya kliniki na cheti cha kuzaliwa, ambacho kwa Tanzania Bara hutolewa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Kama cheti hakipo, kishughulikie wewe mwenyewe kabla ya safari, kwa kuwa mtoto atakihitaji baadaye, hata katika maombi ya mkopo wa elimu ya juu. Mtambulishe bibi kwa mwalimu wa darasa na kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa, na uache barua fupi inayosema yeye ndiye mlezi.

Baba aliyeachana nawe asifutwe. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto ambaye wazazi wake wametengana haki ya matunzo na elimu ya kiwango kile alichokuwa nacho kabla, pamoja na haki ya kumtembelea mzazi asiyeishi naye. Baba akikataa kutoa matunzo, pa kuanzia ni kwa ofisa ustawi wa jamii wa wilaya. Lakini kama kutengana kulitokana na kipigo au kumdhuru mtoto, ofisa huyo aelezwe hivyo tangu mwanzo. Bibi na majirani waijue pia namba 116, simu ya msaada kwa watoto, ambayo mtoto au mtu yeyote mwenye wasiwasi juu ya usalama wake anaweza kuipiga.

Kwa simu, chagua siku na saa moja uishike. Oman iko mbele ya Tanzania kwa saa moja tu, hivyo si vigumu kumpata mtoto kabla hajalala. Usianze kwa kuuliza amekuwa wa ngapi darasani. Muulize kuku wa bibi ametotoa wangapi, au nani alishinda mpira jana. Akikataa kuzungumza, usimlaumu, bali mpigie tena siku ileile ya wiki inayofuata.

Utakaporudi, usishangae mtoto akimwita bibi "mama" na wewe akakuamkia kama mgeni. Usimsahihishe. Kaa kwanza katika nyumba ya bibi majuma machache, mpike na kula pamoja, uamke naye asubuhi, umsindikize shuleni, na bibi aendelee kuwa mwenye neno la mwisho. Kama unakusudia kumhamishia mjini, mweleze mapema kama ulivyomweleza ulipoondoka, mpangie likizo za kurudi kwa bibi, na mwache amuage bibi yake mchana kweupe, kwa muda wote anaouhitaji.