Kuseti tapeti za pikipiki kwa kopo la soda na wembe

Pikipiki ikianza kugonga tik-tik juu ya injini, mwenye chombo huja na ombi moja: "Fundi, niondolee kelele." Zamani nilikuwa naseti tapeti, yaani ile nafasi ndogo kati ya skrubu ya roka (mkono unaosukuma vavu) na ncha ya vavu, kwa masikio, nakaza mpaka injini inyamaze. Mteja mmoja alifurahi wiki mbili, kisha akarudi anaisukuma. Vavu ya ekzosi ilikuwa imeungua. Vavu hupoa inapokaa vizuri kwenye kiti chake. Ukiibana haifungi hadi mwisho, moto unapenya pembeni na kuila.

Haya ninayoeleza ni ya injini za fimbo (fimbo ndizo zinazosukuma roka) aina ya CG125, zilizojaa kwenye pikipiki za Kichina. Kwenye Honda CG125 nafasi hiyo ni milimita 0.08 kwa vavu zote mbili, injini ikiwa baridi. Boxer na TVS ni injini za cheni na zina vipimo vyake, soma kitabu cha pikipiki yako kwanza.

Hatua ya 1: Tengeneza fila geji (ukanda mwembamba wa kupimia nafasi)

Kata kopo la soda la aluminiamu, chukua sehemu ya katikati tu, maana karibu na mdomo na kitako bati ni nene zaidi. Toa ukanda wa sentimita 20 kwa upana wa milimita 6. Ubavu wa kopo una kama milimita 0.10 pamoja na rangi. Ulaze juu ya kioo, usugue kwa msasa laini pande zote mbili, taratibu, mkono ukipita sawasawa.

Sasa kupima. Kalipa (kifaa cha kupimia unene) ya bei rahisi haiaminiki kwenye kitu chembamba hivyo, kwa hiyo kata nusu ya ukanda vipande kumi, vipange pamoja, uvibane kwenye kalipa. Ukisoma 0.8, kila kimoja ni 0.08. Ikizidi, endelea na msasa kwenye nusu iliyobaki na vile vipande. Nusu hiyo ndiyo geji yako.

Geji ya pili ni wembe wa makali mawili, ambao unene wake ni 0.10. Kwanza ua makali yote kwenye jiwe la kunolea, la sivyo utakuwa unaseti kwa damu. Upasue kwa urefu upate kipande chembamba, na upande uliopasuka uuguse jiwe pia.

Hatua ya 2: Pandisha pistoni

Injini ilale usiku mzima. Weka stendi kubwa, chomoa plagi, fungua kifuniko cha roka na kidirisha cha upande wa magneti. Kama hakuna kidirisha, toa jalada lote, na uweke beseni chini kwa ajili ya oili. Ingiza gia ya mwisho, zungusha gurudumu la nyuma kwenda mbele mpaka alama ya T kwenye magneti, inayoonyesha pistoni iko juu kabisa, ilingane na alama ya jalada au bloku.

Tikisa roka zote mbili kwa vidole. Zikiwa na mchezo kidogo, uko sawa. Moja ikiwa imekaza, zungusha tena hadi T irudi, ujaribu upya. Wanaoruka kipimo hiki ndio wanaoharibu, kwa sababu T hupita mara mbili na moja tu ndiyo yako, ile vavu zote mbili zikiwa zimefunga.

Hatua ya 3: Seti

Vavu ya upande wa kabureta ni ya kuingiza, ya upande wa bomba la moshi ni ya ekzosi. Legeza nati ya kufungia kwa spana, shika ncha ya skrubu ya roka kwa pulaizi ndogo, uizungushe kuseti. Geji ya kopo, ukiipitisha kati ya skrubu na ncha ya vavu, ipite kwa kukwaruza kidogo, kama karatasi inayovutwa chini ya kitabu. Wembe ukatae. Ukipita, nafasi ni kubwa.

Shika skrubu isizunguke, kaza nati, pima tena. Karibu kila mara inahama, usikasirike, rudia.

Angalia na ncha ya roka. Ikiwa imechimbika shimo, geji hupita juu ya shimo na kukudanganya: nafasi halisi ni kubwa kuliko unavyohisi. Hapo ni kubadilisha roka.

Hatua ya 4: Hakikisha

Zungusha injini mpaka T irudi mara ya pili, roka zikiwa na mchezo, upime zote mbili upya. Funga, washa, chungulia kama oili inavuja kwenye kifuniko. Tik-tik nyembamba ikibaki, iache ilivyo. Kopo likikunjika kata jingine, wembe utadumu.