SOMO: Shingo na bega linalorudia kuuma (soma kabla ya kuuliza)

Kila wiki swali ni lile lile, basi naandika mara moja. Hili ni la maumivu ya kuinamia kazi: cherehani, simu, usukani wa tuktuk. Mkono ukifa ganzi au kuishiwa nguvu, shingo ikikakamaa pamoja na homa, au ukiwa umeanguka, nenda hospitali. Usiendelee kusoma.

1. Tandika mkeka, lala chali, kunja magoti. Weka kanga iliyokunjwa chini ya kichwa.

2. Pumua.

3. Bingirisha kichwa kulia na kushoto. Hapa ndipo wengi huharibu. Kichwa hakiinuliwi, kinabingirika juu ya kanga, polepole, na unakomea kabla ya pale panapovuta. Kichwa cha mtu mzima kina kama kilo 5. Misuli iliyokibeba mchana kutwa imeshajikaza, na ukiivuta kwa nguvu huzidi kujikaza. Wale wa kujipindua shingo kwa mkono mpaka ilie "ka!", acheni. Pumzi ikikatika au meno yakiumana, unakwenda mbio. Pumzika, kisha urudie.

4. Kichwa kiende kulia, macho kushoto. Mara chache tu. Halafu viende pamoja, uone kichwa kinavyofika mbali bila kusukumwa. Njia hii ni ya Moshe Feldenkrais (1904–1984), mhandisi na mwalimu wa judo aliyeanza kujichunguza hivi kwa sababu ya goti lake bovu.

5. Pandisha bega sikioni, liachie. Moja moja.

6. Inuka kwa ubavu.

MASWALI

— Nimefanya jana, bado yauma. Nitajie dawa ya kuchua.
Namba 3. Soma tena.

— Nimesoma. Nina haraka, mie dereva.
Haraka ndiyo iliyokuumiza.

— Maalim, nashona kofia za mkono, kutwa nimeinama. Nilale chini mara ngapi?
Swali zuri, dada. Asubuhi na usiku yatosha, lakini mchana usingoje uchungu: kila ukimaliza uzi, tazama mbali dirishani, geuza kichwa kidogo. Na weka mto mapajani, kofia iinuke ikufuate machoni.

— Nikingoja feri Likoni je?
Namba 4, umeketi. Ukiwa umesimama kwenye msongamano ule, linda mfuko wako kwanza.

— Na mto wa kulalia? Wangu wa usufi umekuwa jiwe.
Ufumue, uchambue usufi, uanike juani, ujaze nusu. Ukilala ubavu, ujaze nafasi ya bega na sikio, usizidi.

— Fundi wa kufumua yuko wapi siku hizi?
Majengo wapo. Anayemjua wa karibu aseme hapa.