Somo: Jinsi kamba ya makumbi ilivyotengenezwa pwani

Kabla ya kamba za nailoni kujaa madukani, kaya za pwani ya Afrika Mashariki zilitegemea kamba ya makumbi, yaani ya maganda ya nje ya nazi: ndiyo iliyowamba vitanda, iliyoteka maji kisimani na iliyoshona mbao za mtepe, chombo cha tanga cha zamani cha pwani yetu. Historia husifu manahodha na pepo za kaskazi na kusi, lakini kamba hiyo ilitoka katika mashimo ya wanawake ufukweni, na naamini kazi yao inastahili kuelezwa kwa makini yaleyale tunayoyapa majahazi. Nafuata desturi ya vijiji vya mashariki mwa Unguja, kama Jambiani na Paje, ambako kazi hii haijasahauliwa.

Hatua ya kwanza: kufua nazi. Nazi hufuliwa kwenye kifuo, yaani kijiti chenye ncha kilichosimikwa ardhini, na makumbi hukusanywa.

Hatua ya pili: kufukia. Hapa ndipo kazi nzima inapoamuliwa. Shimo huchimbwa mahali panapofunikwa maji yanapojaa na kuachwa wazi yanapokupwa; makumbi hupangwa ndani, hufunikwa kwa mchanga, kisha hugandamizwa kwa mawe ili bahari isiyachukue. Kila mwenye shimo hulitambua kwa mawe yake. Kwa muda wa miezi kadhaa, bakteria huyeyusha ute unaozishikamanisha nyuzi, huku nyuzi zenyewe zikibaki imara, na kwa kuwa hewa haifiki chini, makumbi yanapofukuliwa hunuka kama yai viza.

Hatua ya tatu: kupiga. Makumbi yaliyolainika huwekwa juu ya jiwe au gogo na kupigwa kwa gongo mpaka nyama yake yote itoke na usumba, yaani nyuzi za makumbi, ubaki peke yake. Husuuzwa baharini, hupigwa tena panapohitajika, kisha huanikwa.

Hatua ya nne: kusokota. Nyuzi chache husokotwa kwa viganja kuwa uzi mmoja, na nyuzi nyingine huongezwa kabla za kwanza hazijaisha, tena kwa kupishana, ili pasiwe na mahali pembamba. Nyuzi mbili za namna hiyo hupindwa pamoja kuelekea upande ulio kinyume na ule zilikosokotewa. Kila moja ikitaka kufumuka, huikaza nyenzake.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, shikamoo. Kwa nini mbao za mtepe zilishonwa ilhali chuma kilikuwepo?

Jibu: Marahaba. Chuma kilikuwepo, lakini huliwa na kutu baharini, na chombo kilichoshonwa hunepa kidogo kinapogusa mwamba au kinapopwelewa mchangani. Gharama yake ilikuwa kushonwa upya mara kwa mara, na kwa hiyo kamba nyingi zaidi. Ushonaji huu ni wa kale sana: maandishi ya Kigiriki ya karne ya 1 BK yanataja mashua zilizoshonwa katika bandari ya Rhapta ya pwani yetu. Mitepe ya mwisho ilikuwa ikisafiri upande wa Lamu mwanzoni mwa karne ya 20.

Swali: Je, ujuzi huu ulikuwa wa kwetu pekee?

Jibu: Hapana. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alieleza baadaye jinsi watu wa visiwa vya Maldivi walivyoloweka makumbi katika mashimo ya ufukweni, wakayapiga, kisha wanawake wakasokota kamba za kushonea vyombo. Bahari ya Hindi iliwaunganisha watu hata katika kazi za namna hii.

Swali: Mimi naishi bara. Naweza kuloweka makumbi kwenye pipa?

Jibu: Unaweza, lakini usiyaache katika maji yaleyale. Makumbi hutoa rangi ya kahawia na uchachu unaodhoofisha bakteria, na pwani maji ya kujaa na kupwa huviondoa kila siku. Kwenye pipa kazi hiyo ni yako: mwaga maji yakigeuka rangi, weka mengine, na hakikisha makumbi yamezama kabisa.