Kuendesha vikao vya tawi la chama cha kitaaluma: kuanzia taarifa ya kikao hadi dirisha la benki

Mwongozo huu ni wa katibu au mwenyekiti mpya wa tawi la mkoa: wahasibu, wahandisi, wanasheria, wauguzi, wafamasia, wowote wale. Ni tawi la wanachama 40 hadi 100 hivi, lisilo na ofisi wala mtumishi wa kulipwa, na kila kiongozi ana kazi yake inayomngoja Jumatatu. Matawi ya namna hii huwa na watu. Yanachokosa ni karatasi: akidi (idadi ya chini ya wanachama inayotakiwa ili kikao kiamue) haikuhesabiwa, azimio halionekani kwenye muhtasari, benki imerudisha barua.

Hatua ya 1: Soma katiba, vifungu vitano tu

Nani ni mwanachama hai, akidi ni ngapi, taarifa ya kikao itolewe siku ngapi kabla, kura zinahesabiwaje, nani anatia saini za fedha. Vinakili kwenye ukurasa mmoja uende nao kila kikao. Kama chama chenu kimesajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya chini ya Sura ya 337 ya sheria za Tanzania, katiba inayotambulika ni ile iliyo kwenye faili la Msajili, si ile "iliyorekebishwa" inayozunguka WhatsApp. Omba nakala makao makuu.

Hatua ya 2: Daftari la wanachama na akidi

Fungua jedwali la Excel lenye safu sita: namba ya uanachama, majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, simu, barua pepe, ada imelipwa hadi lini, na hali (hai au si hai). Ile safu ya majina matatu usiifanyie uvivu. Utaihitaji hatua ya 6.

Akidi huhesabiwa kwa wanachama hai, kama katiba haikusema vinginevyo. Tuseme daftari lina majina 84, na waliolipa ada ni 61. Katiba ikisema theluthi moja, 61 kugawa kwa 3 ni 20.33, kwa hiyo akidi ni 21. Sehemu ya mtu hupandishwa, haishushwi. Halafu "nusu" na "zaidi ya nusu" si kitu kimoja: kwa wanachama 60, ya kwanza ni 30 na ya pili ni 31. Atakayekata rufaa baada ya uchaguzi atakuja na huyo mtu mmoja mkononi.

Akidi ya saa 4:15 si akidi ya saa 6:40. Watu wakishaanza kuaga kwa kunyanyua simu masikioni, hesabu upya kabla ya kura yoyote. Ikipungua, mnaweza kuendelea kupokea taarifa na kujadili, lakini msiamue.

Hatua ya 3: Taarifa na ajenda

Katiba ikisema siku 14, zihesabu kamili: siku ya kutuma haimo, siku ya kikao haimo. Taarifa ikitoka tarehe 1, kikao cha mapema kabisa ni tarehe 16. Tuma PDF, si picha ya karatasi iliyopigwa juu ya meza. Tumia makundi mawili ya WhatsApp: moja la matangazo ambalo viongozi pekee ndio wanaandika, jingine la mazungumzo. Taarifa ikiingia kwenye kundi la mazungumzo, itafunikwa na salamu za Ijumaa na video za mpira kabla ya saa sita mchana, na mtu atasema kwa haki kabisa kwamba hakuiona.

Andika saa ya Kiswahili na kipindi chake: "saa 4:00 asubuhi". Kama kuna kiungo cha Zoom, kiungo chenyewe kitaonyesha 10:00, basi ongeza mstari mmoja chini yake kwamba ni saa hiyo hiyo. Bila mstari huo hamtakosa wawili watakaoingia saa 10 jioni.

Mpangilio wa ajenda unaokubalika karibu kila mahali ni huu: kufungua kikao na kuthibitisha akidi, kupitisha ajenda, kusoma na kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo na muhtasari huo, taarifa ya katibu, taarifa ya mweka hazina, taarifa za kamati ndogo, hoja za kuamuliwa, mengineyo, kufunga. Matawi mengi yana pia mada ya kitaaluma yenye pointi za mafunzo endelevu, na hapa nina msimamo: mada iwe ya mwisho, baada ya kura zote, na karatasi ya pointi isainiwe mlangoni wakati wa kutoka. Ukiiweka mwanzo, nusu ya ukumbi itachukua pointi zake na kupotea, na akidi itaondoka nao. Wapo watakaosema huku ni kuwashika watu mateka. Ni kweli kidogo.

Hatua ya 4: Kuendesha kikao

Mwenyekiti anaongoza, hashindani. Akitaka kutetea hoja kwa nguvu, amwachie makamu kiti mpaka hoja hiyo iishe.

Hoja inatolewa, inaungwa mkono, inajadiliwa, inapigiwa kura. Kuunga mkono hakumaanishi kukubali. Maana yake ni "hili lijadiliwe", basi. Mjumbe anaweza kuunga mkono kisha akapiga kura ya hapana. Kura zikilingana, hoja imeanguka, isipokuwa katiba inampa mwenyekiti kura ya uamuzi. Taratibu hizi nyingi zimo kwenye kitabu cha kanuni za mikutano cha Henry Martyn Robert, mhandisi wa jeshi la Marekani, kilichochapishwa 1876, na katiba za vyama vya kitaaluma vya nchi tofauti hufanana kama zimenakiliwa. Mara nyingi zimenakiliwa kweli.

Theluthi mbili huleta ugomvi kwa sababu hakuna anayeuliza ni theluthi mbili ya nini. Chukua kikao chenye watu 34, ambapo 29 wamepiga kura na 5 wamekaa kimya. Theluthi mbili ya waliopiga kura ni 20. Theluthi mbili ya waliohudhuria ni 23. Hoja iliyopata kura 21 imepita kwa hesabu moja na imeanguka kwa nyingine. Mwenyekiti asome kifungu na kutamka idadi inayotakiwa kabla ya mikono kunyanyuliwa, kamwe si baada.

Anayesema "Utaratibu, Mwenyekiti!" asikilizwe papo hapo, kwa sababu anadai kanuni imevunjwa. Anayesema "Taarifa, Mwenyekiti!" anaweza kungoja mzungumzaji amalize sentensi yake. Wajumbe wakongwe hutumia la kwanza kwa kazi ya la pili, mwenyekiti akiuliza kwa upole "kifungu gani, ndugu mjumbe?" wengi hukaa.

Mengineyo si mlango wa nyuma. Mwenye jambo alitaje wakati wa kupitisha ajenda, na lisiwe la fedha. Jambo la fedha lililozuka kwenye mengineyo linasogezwa kikao kijacho, hata kama ni rambirambi. Kwa ajili ya misiba mwe na kanuni ya kudumu yenye kiwango kilichokwisha kuamuliwa, ili msipige kura juu ya jeneza la mtu.

Hatua ya 5: Muhtasari

Uandikwe ndani ya saa 48, na uandike maamuzi, si hotuba. Kila kipengele kiwe na namba yake, kwa mfano:

*MUH. 04/2025/06: Ununuzi wa projekta. Kikao kiliazimia kununua projekta moja kwa bei isiyozidi Sh. 950,000 kutoka akaunti ya tawi. Kura: ndiyo 22, hapana 5, hawakupiga 2. Mhusika: Mweka Hazina. Mwisho: 30 Mei 2025.*

Weka pia jina la mtoa hoja na la aliyeunga mkono. Maneno "wajumbe walijadili kwa kina" yafute popote unapoyakuta. Mahudhurio yawe makundi matatu: waliohudhuria, wasiohudhuria kwa udhuru, wasiohudhuria bila udhuru. Saini za mahudhurio zichukuliwe kwenye kaunta buku moja isiyochanwa kurasa; karatasi za kupita hupotelea kwenye begi la mtu.

Hatua ya 6: Kubadilisha watia saini benki

Hapa ndipo miezi hupotelea. Uongozi mpya umechaguliwa, pongezi zimetumwa, na akaunti bado iko mikononi mwa watu watatu ambao mmoja kahamia Dodoma, mwingine yuko masomoni nje, na wa tatu hapokei simu kwa sababu alishindwa uchaguzi.

Kabla ya uchaguzi, nenda tawi la benki mlikofungulia akaunti uombe orodha ya mahitaji kwa maandishi. Benki hutofautiana, na hata maofisa wawili wa dirisha moja hutofautiana. Karatasi yao wenyewe ndiyo itakayowatetea. Kwa kawaida wataomba muhtasari wa kikao kilichoamua, orodha ya mahudhurio yenye saini, nakala ya katiba na cheti cha usajili, TIN ya chama, barua ya utambulisho, vitambulisho vya NIDA na picha ndogo za watia saini wapya, na barua ya maombi yenye saini za watia saini wa zamani.

Mtego wa kwanza ni cheti. Tawi halina cheti chake. Kilichosajiliwa ni chama. Kwa hiyo barua ya utambulisho lazima itoke makao makuu, na barua ya makao makuu huchukua wiki. Iombe rasimu yake kabla ya uchaguzi, mkiacha nafasi za majina, ili baada ya matokeo ibaki kujazwa na kugongwa muhuri.

Mtego wa pili ni muhtasari wenyewe. Muhtasari huthibitishwa kikao kinachofuata, yaani mwezi mmoja au mitatu mbele, na benki inaweza kukataa usiothibitishwa. Suluhisho ni dondoo ya azimio. Andaa ukurasa mmoja kabla ya kikao, uusome kwa sauti, kikao kiupitishe neno kwa neno kabla ya kufungwa, mwenyekiti na katibu watie saini hapo hapo, muhuri upigwe. Uandikwe hivi:

*Mkutano Mkuu wa Tawi uliofanyika tarehe …, uliohudhuriwa na wanachama hai 34 kati ya 61, akidi ikiwa 21, umeazimia kwamba kuanzia tarehe … watia saini wa akaunti namba …, tawi la benki la …, wawe: Kundi A: … na …, Kundi B: … na …. Kila malipo yawe na saini moja ya Kundi A na moja ya Kundi B. Watia saini wa awali, … , … na …, wanaondolewa.*

Angalia mambo manne. Namba ya akaunti iandikwe tarakimu zote. Wanaoondolewa watajwe kwa majina. Azimio linaloingiza wapya bila kuwatoa wa zamani hurudishwa. Tarehe ya azimio ilingane na tarehe ya karatasi ya mahudhurio. Na majina yawe yale ya NIDA herufi kwa herufi: Zainab asiwe Zainabu, jina la ndoa lisichukue nafasi ya la baba, na kifupi cha herufi moja hakikubaliki. Kosa la herufi moja hurudisha faili zima mwanzo, pamoja na barua ya makao makuu.

Kuhusu makundi mawili: "wawili wowote kati ya watatu" ni rahisi, lakini kunamruhusu mwenyekiti na katibu kutoa fedha bila mweka hazina kujua. "Lazima mweka hazina" ni salama, lakini akisafiri tawi zima linalala. Kundi A liwe mweka hazina na msaidizi wake, Kundi B mwenyekiti na katibu. Ni watu wanne badala ya watatu, na makaratasi mengi zaidi siku moja, lakini yanaondoa matatizo yote mawili.

Mtia saini wa zamani akikataa kusaini, msibembeleze zaidi ya wiki mbili. Makao makuu yaiandikie benki moja kwa moja, yakiambatisha dondoo. Akifariki, ambatisha nakala ya cheti cha kifo. Na wekeni kanuni kwamba kiongozi anayeshika saini asaini fomu ya kujiondoa benki pale anapomaliza muda, kabla ya kukabidhi ofisi.

Hatua ya 7: Ada na taarifa ya fedha

Ada isipokelewe kwenye namba binafsi ya mweka hazina, hata awe mwaminifu kiasi gani. Chukueni Lipa Namba kwa jina la chama au mlipe benki moja kwa moja. Taarifa ya kila kikao iwe mistari minne: salio la kuanzia 1,240,000, mapato 780,000, matumizi 645,500, salio la mwisho 1,374,500. Chini yake ambatisha taarifa ya benki ya tarehe hiyo hiyo. Salio la mwisho lisipolingana na la benki, andika sababu: makato, malipo ambayo hayajapita, fedha taslimu iliyo mkononi. Stakabadhi zibandikwe kwenye karatasi nyeupe na kupigwa picha mapema, maana zile za mashine hufifia.

Hatua ya 8: Makabidhiano

Yafanyike kwa orodha iliyosainiwa na pande zote mbili: kaunta buku, faili la muhtasari, muhuri, nywila za barua pepe na Zoom, laini ya simu ya tawi, umiliki wa makundi ya WhatsApp. Laini ya simu ndiyo husahaulika, kwa sababu imesajiliwa kwa alama za vidole za katibu wa zamani. Hamisheni usajili siku hiyo hiyo, mkiwa bado mnachekeana.