Nesi unayebeba boksi Uingereza, hivi ndo unarudi kwenye fani yako

Jamani tuko wengi kuliko mnavyodhani. Mtu kasoma digrii ya uuguzi miaka minne Dar, kakaa wodi ya wazazi kazalisha mpaka kapoteza hesabu, leo yuko Uingereza anaosha wazee na kubadilisha pampasi, na binti wa miaka 19 ndo anamfundisha kunawa mikono. Kwenye familia nyumbani wanajua "dada ni nesi Ulaya" na wewe huna nguvu ya kuwasahihisha. Mimi nimekaa hivyo miaka miwili na nusu, sasa hivi nina PIN yangu, yaani namba ya usajili wa nesi wa huku, ngoja niwaambie nilivyopita na nilipochemka.

Kwanza hiyo kazi ya kea, yaani ya kuhudumia wazee na wagonjwa, usiidharau maana ndo ngazi yenyewe. NMC, yaani baraza la manesi na wakunga la huku, wanataka uthibitishe Kiingereza. Kwa IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, ni 7 kusoma, kusikiliza na kuongea, halafu 6.5 kuandika. Wengi tunakwama kwenye kuandika, unakosa nusu pointi unalia unalipa tena. Ila tangu Februari 2023 kuna mlango mwingine, kama uuguzi ulisoma na kufanyia mitihani kwa Kiingereza kama sisi, na umefanya kazi ya afya au kea hukuhuku angalau mwaka mmoja ndani ya miaka miwili iliyopita, mwajiri wako anaweza kukujazia fomu kwamba Kiingereza chako kinatosha. Na hata aliyekosa hiyo nusu pointi anaweza kupita humo. Sasa mtego uko hapa, anayejaza ni msimamizi wako na lazima awe nesi aliyesajiliwa NMC, na wa juu yake naye asaini. Kama unafanya kea ya kuzunguka nyumba kwa nyumba, au uko kwenye nyumba ya wazee isiyo na nesi hata mmoja, nani atakusainia? Kwa hiyo ukitafuta kazi ya kea tafuta yenye manesi zamu zote, hata kama inalipa senti kidogo pungufu.

Lakini usije ukaacha kazi kwa hasira! Visa yako imefungwa kwa sponsa, yaani mwajiri aliyekudhamini. Mwajiri mpya akupe kwanza cheti cha udhamini, uombe visa upya, ujibiwe, ndo uhame.

Makaratasi ya nyumbani anza nayo leo. Baraza letu la uuguzi linatakiwa kuwathibitishia NMC lenyewe kwamba umesajiliwa, sio wewe uskani cheti na simu utume, na kama leseni yako imelala ihuishe kwanza. Mimi nilijifanya mjanja nikasubiri nimalize mitihani yote, nikabaki nimekaa miezi nangoja karatasi ambazo zingekuwa zinakuja huku mimi nasoma. Hapo nilijikosesha mwenyewe.

Mitihani ni miwili. Wa kompyuta, CBT, una sehemu ya hesabu za dawa na sehemu ya uuguzi, hesabu usizichukulie poa kwa sababu ya uzoefu. Wa pili ni OSCE, huo ni wa vitendo, vituo kumi, na huo ndo unaoangusha watu wazuri kabisa. Sisi tumezoea wodi imejaa, mikono inafanya mdomo umefunga. Kule usipolisema hujalifanya. Jitambulishe, omba ruhusa, uliza jina na tarehe ya kuzaliwa, linganisha na bangili ya utambulisho ya mgonjwa, uliza aleji kabla hujagusa dawa. Mimi kituo cha dawa nilifeli kwa aleji tu, miaka tisa kazini! Nikaanza kufanya mazoezi jikoni, mto ndo mgonjwa, naongea peke yangu mpaka mwenzangu wa chumba akaogopa. Mara ya pili nikapita.

Hela nilizolipa mimi 2024: tathmini ya maombi pauni 140, CBT 83, OSCE 794, usajili 153. Cheki tovuti ya NMC kabla hujalipa. Kurudia OSCE ni nusu bei kama hujafeli vituo zaidi ya saba. Ila ukishapita CBT na maombi yako NMC yakakubaliwa anza kutuma maombi hospitali, zipo zinazomchukua nesi kabla hajafanya OSCE na kumlipia mtihani. Siku hizi nafasi zimepungua kweli, tuma hata miji ambayo hujawahi kuisikia.

Wenye watoto nyumbani hili ndo la kuangalia zaidi. Aliyekuja kwa kazi ya kea kuanzia tarehe 11 Machi 2024 haruhusiwi kuleta mume wala watoto, lakini ukiwa na visa ya nesi unaruhusiwa. Kwa hiyo unaporudi umechoka na naiti unaona kitabu kama adui, ujue unasomea tiketi ya mwanao.

Na walimu mnaoniuliza inboksi, kwenu njia ni nyingine. Kwa England, mwalimu aliyesomea nje anaweza kufundisha shule za serikali hadi miaka minne kabla hajapata hadhi kamili ya ualimu, kwa hiyo anzeni kuomba hata uwalimu msaidizi, msikae kwenye usafi mkisubiri.