Kuchavusha maboga kwa mkono katika bustani ya nyumbani

Wengi wanaopanda maboga uani masika yanapoanza huishia kula majani peke yake, kwa sababu vitunda hutokea, hugeuka njano, kisha hudondoka. Mara nyingi tatizo si mbolea, bali ni uchavushaji, yaani kufikisha chavua (unga wa ua dume) kwenye ua jike.

Hatua ya 1: Kupanda. Changanya udongo wa shimo na samadi iliyooza vizuri, panda mbegu tatu, kisha bakiza mche mmoja ulio imara. Shimo hadi shimo iwe takriban mita 2.

Hatua ya 2: Kuchuma majani. Chuma machanga, machache kwa kila mmea, na umenye nyuzi zake kabla ya kupika.

Hatua ya 3: Kuchavusha. Maua ya kwanza yakipukutika bila kuzaa, usiharakishe kuongeza mbolea, kwani kwa kawaida maua dume ndiyo hutangulia. Ua dume husimama juu ya kikonyo chembamba, ilhali ua jike hubeba kitunda kidogo chini ya petali zake. Ua jike huchanua asubuhi moja tu na huanza kujifunga kabla jua halijawa kali, kwa hiyo kazi hii ifanyike kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi.

Chuma ua dume lililochanua asubuhi hiyohiyo, uliguse kwa kidole uone kama unga wa manjano unashika, kisha ubandue petali zote na kuupaka unga huo katikati ya ua jike, ukizungusha taratibu hadi kila ulimi wake upate. Wapo wanaosifu brashi. Mimi siipendi, kwani hubaki na chavua nyingi kwenye nywele zake.

Mvua ya usiku huharibu chavua. Jioni, tafuta machipukizi ya maua ambayo ncha zake zimeshageuka njano, dume na jike, uyafunge kwa uzi laini, na uyafungue asubuhi ukiwa tayari. Ukishachavusha, lifunge tena ua jike ikiwa mawingu bado yametanda. Dawa ya wadudu isinyunyizwe asubuhi, maana nyuki ndio wachavushaji wakuu; ikibidi kabisa, nyunyiza jioni.

Kitunda kilichoshika hunenepa ndani ya siku chache. Maua dume yaliyosalia yaondolewe kiini na yapikwe pamoja na majani kwa tui la nazi.

Hatua ya 4: Kuvuna. Kikonyo kikikauka na ukucha ukishindwa kutoboa ganda, kata boga pamoja na kipande cha kikonyo, kwani lililonyofolewa huanza kuoza hapo.